Muulize Fundi: Ishirini na Nane Ipi?

Mwezi uliopita niliandika mistari miwili tu kwamba mtu asiuze fremu ya baiskeli ya mzee wake kwa bei ya chuma chakavu, basi nikawa nimechokoza nyuki. Simu imejaa picha za baiskeli. Kuna zilizopigwa kwenye mwembe, kuna iliyopigwa juu ya paa la choo, kuna moja kuku ameatamia kwenye keria na mwenyewe anauliza kama nitampata kengele ya kufanana. Maswali ya nyanya na pikipiki yatasubiri mwezi ujao, leo ni baiskeli tupu.

*Shikamoo fundi. Mimi niko Newala. Mjomba wangu alifariki mwaka juzi akaniachia baiskeli yake, Raleigh nyeusi ile ndefu ya breki za vyuma, imebeba madumu ya maji na magunia ya korosho tangu mimi sijazaliwa. Fremu imenyooka kabisa ila tairi zimeoza. Nikateremka Mtwara mjini nikaomba tairi za 28, nikapewa mbili mpya nikalipa. Kufika nyumbani haziingii. Tumevuta watu watatu na bisibisi, tyubu mbili zimetoboka. Tairi zimeandikwa 28 x 1⅝ x 1⅜. Nilipompigia muuzaji akasema 28 ni 28, tafuta fundi anayejua kazi. Sasa fundi, hiyo rimu imevimba au? (Mpwa wa Newala)*

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Rimu haijavimba, na mafundi wako hawana kosa, hata mngekuja kuvuta kijiji kizima isingeingia. Tatizo ni hilo neno "ishirini na nane".

Zamani hiyo 28 ilikuwa urefu wa gurudumu zima kwa inchi, kuanzia chini mpaka juu, tairi ikiwa imejaa upepo. Yaani walikuwa wanapima nje. Sasa tairi nene na tairi nyembamba zote zinaweza kufika 28 kwa nje huku tundu la ndani, pale inapokaa kwenye rimu, likiwa tofauti kabisa. Ndio maana kuna 28 zaidi ya moja na zote zina haki ya kuitwa 28. Muuzaji hajakudanganya kwa makusudi, ila hajakusaidia pia.

Chukua hiyo tairi mpya uipeleke kwenye jua, pembeni utaona namba ndogo zimechorwa kwenye mpira, kitu kama 37-622. Namba ya kwanza ni unene wa tairi kwa milimita. Ya pili ndio mwenye nyumba, hiyo ni kipimo cha rimu pale tairi inapokaa. Raleigh ndefu kama ya mjomba wako inakula 28 x 1½, na hiyo namba yake ni 635. Toa 622 kwenye 635 uone, milimita kumi na tatu. Kwa macho ni kitu kidogo lakini waya wa pembeni ya tairi hauvutiki hata nusu ya hapo, utavunja bisibisi tu.

Kwa hiyo unachotafuta ni tairi imeandikwa 28 x 1½ au 40-635. Habari njema ni kwamba hiyo sio tairi ya makumbusho. Phoenix za Wachina zinatumia hiyo hiyo, Hero na Avon za Wahindi zinatumia hiyo hiyo, kwa sababu zote zilizaliwa kwa kuiga hizo hizo baiskeli za Kiingereza. Ukifika dukani usiseme "nipe ya Raleigh" maana utaambiwa Raleigh zimekufa, sema "nipe 28 kwa moja na nusu ya Phoenix", utaona sura ya mtu inabadilika. Mtwara ukikosa, agiza Kariakoo, tairi mbili zikifungwa na kamba zinapanda basi bila tabu. Ila aliyeko Dar akutumie picha ya ile namba ya pembeni KABLA hajalipa, sio picha ya duka.

Zile ulizonunua usizikate kufungia mizigo. Ziuze kwa mwenye baiskeli ya kisasa nyembamba ya gia, zile ndizo wanazoita 700, rimu yao ni 622, kwao itaingia kama mguu kwenye kandambili. Na tyubu kama bado unayo nzima itumie tu, tyubu ni mpira unavutika, haina ubishi wa milimita kumi na tatu.

Nikiwa hapo hapo, wenye 26 msicheke. Kuna 26 x 1⅜ ambayo ni 590, hii ni ya zile Raleigh fupi za gia tatu walizokuwa wanapenda makarani na walimu, na kuna 26 x 1.75 ambayo ni 559, hizi ndio baiskeli nene za sasa. Angalia vizuri namba ilivyoandikwa. Moja ina sehemu ya namba kama tulivyofundishwa darasa la nne, nyingine ina nukta. Hesabu ya shule inasema 1½ na 1.5 ni kitu kimoja, kwenye tairi za baiskeli sio kitu kimoja hata kidogo, yenye sehemu na yenye nukta haziingiliani. Mi mwenyewe hili nilijifunza kwa kununua, sikusoma mahali.

*Fundi habari za kazi. Nina baiskeli ya marehemu baba, Humber, nataka mwanangu aendee shule. Rimu zilikuwa zimekula kutu mpaka zimetoboka nikanunua mpya za kung'aa, nyepesi, nzuri sana. Fundi wa hapa anasema tundu za spoku hazilingani lakini atatoboa nyingine, na breki atazipinda zishike. Mbona moyo unasita? (Mama wa Rahaleo, Lindi)*

Salama mama. Moyo wako ni fundi kuliko huyo fundi, mwambie aweke drili chini kwanza.

Tundu kwanza. Baiskeli za Kiingereza za zamani zina spoku 32 mbele na 40 nyuma, nyuma zaidi kwa sababu ndiko mzigo uliko, na akili hiyo naipenda mpaka leo. Rimu za kisasa mara nyingi ni 36 kote mbili. Habu yako ya nyuma, yaani kile kitovu cha katikati ya gurudumu, ina tundu 40, huwezi kuisuka kwenye rimu ya tundu 36 ikakaa sawa, na ukitoboa nne za kubahatisha unapata rimu yenye spoku zimevuta upande mmoja na zimelegea upande mwingine, itacheza kama ngoma ya sindimba mpaka siku itakapojikunja na mtoto juu yake. Kabla hujanunua rimu yoyote hesabu tundu za habu, weka alama ya chaki kwenye tundu la kwanza usije ukahesabu mara mbili.

Breki sasa. Hizo breki za vyuma hazibani rimu kwa ubavuni kama za siku hizi. Ukivuta, fito inanyanyua vile viatu vya mpira na vinagonga rimu kwa upande wa ndani, ule unaotazama habu. Rimu yake ina umbo lake, wenyewe wanaita Westwood, ukiikata ukaitazama utaona katikati kuna bonde la spoku na pande zote mbili kuna mabega ya mviringo, viatu vinapanda kwenye hayo mabega. Rimu yako mpya ni bapa, imetengenezwa kubanwa pembeni. Ukipinda fito viatu vitakuwa vinapiga kwenye vichwa vya spoku, utasikia taratatata na baiskeli haisimami. Kwenye mteremko wa Lindi kushuka baharini sitaki hata kufikiria.

Uliza rimu ya chuma ya Phoenix au Hero ya breki za vyuma, 28 kwa moja na nusu, ya mbele tundu 32 na ya nyuma 40, ziko. Hazing'ai kama hizo na ni nzito, lakini ndizo. Rudisha hizo mpya zikiwa hazijatobolewa, ndio maana nimesema drili ikae chini.

Na nikupe kitu cha kumsimulia mwanao. Kwenye lile sahani la meno la Humber kuna watu watano wamechongwa wanashikana kama wanakimbia duara, kagua kama bado wapo. Humber ilikuwa kampuni yake yenyewe mpaka Raleigh walipoichukua mwaka 1932, baadaye wakawa wanazitengeneza kwao Nottingham, ndio maana ndani ya Humber nyingi utakuta undani wa Raleigh mtupu. Hilo sio hadithi tu, lina maana yake kwenye barua inayofuata, kwa hiyo na wewe mama isome.

*Fundi mambo. Niko Mikindani, nina Raleigh ya babu nimeanza kuifufua mwenyewe. Krenki ilikuwa inalia nikasema nibadilishe vikombe vya gololi vyote viwili. Kile cha kushoto kilitoka. Cha kulia nimeweka spana nimeongezea bomba la mita moja, tumekaa watu wawili juu ya bomba, kimekaza zaidi. Nimenunua vikombe vipya dukani, cha kushoto kinaingia mizunguko miwili kinagoma. Jirani anasema nikigonge na nyundo kitajichongea njia. (Kijana wa Mikindani)*

Poa. Nyundo mrudishie jirani, kwa heshima.

Una makosa mawili na yote yanafanywa na kila mtu, mimi wa kwanza. La kwanza, kikombe cha kulia, upande wa cheni, kwenye baiskeli za Kiingereza thredi yake ni ya kinyume. Kinafunguka kwa kuzungusha kwenda mbele, kama mshale wa saa, ukiwa umesimama upande wa cheni. Wewe na mwenzako mlikaa juu ya bomba mkawa mnakaza, na mmekaza kweli kweli. Walifanya hivyo makusudi ili mtu akipiga pedeli kikombe kisijifungue chenyewe njiani. Ni kama pedeli ya kushoto, na yenyewe thredi yake kinyume, wangapi wameua krenki ya kushoto kwa kutojua hilo.

Lakini ngoja, kabla hujageuza bomba. Nani kakwambia kikombe cha kulia lazima kitoke? Tia tochi ndani, futa grisi kavu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, tazama ile njia gololi zinapopita. Kama inang'aa laini kiache hapo hapo kilipo, kimekaa miaka hamsini hakijakuomba kitu. Kinachokufa kwanza ni gololi, na ekseli inaliwa pale gololi zinapokanyaga. Nunua gololi mpya za robo inchi, kumi na moja kila upande, zipande kwenye grisi zikae, rudisha, na uwezekano mkubwa kelele zote zitaisha. Usichanganye gololi mpya na za zamani kwa kubana matumizi, zile mpya zitabeba mzigo peke yake halafu zitakula kikombe.

Kosa la pili ndio ugonjwa wenyewe wa Raleigh, na ndio maana nimemwambia mama wa Rahaleo asome. Dunia nzima ya baiskeli za Kiingereza ilikubaliana thredi za kikombe cha krenki ziwe 24 kwa inchi moja. Raleigh walikuwa kiwanda kikubwa hivyo kwamba hawakuona sababu ya kukubaliana na mtu, wakakata 26. Unene wa kikombe unakaribiana sana, ndio maana kinakudanganya kinaingia mizunguko miwili, halafu thredi zinaanza kupandana. Ukigonga hapo umemaliza fremu ya babu, maana kikombe ni kitu cha kubadilisha, fremu sio.

Jinsi ya kujua bila chombo chochote: chukua kikombe cha zamani na kipya, vilaze thredi kwa thredi, uvinyanyue juu ya mwanga wa dirisha. Zikilingana zitaumana kama meno ya zipu, hutaona mwanga. Zisipolingana zitaumana mwanzo halafu mwanga unapenya. Kwa kuhesabu, laza rula, hesabu vilele ndani ya inchi moja, 24 au 26. Na ukifungua nati ya usukani juu ya foko fanya vivyo hivyo, huko nako Raleigh walikata 26 wakati wenzao wote ni 24. Habu zao na pedeli hazina ubishi huo. Friwili ya kawaida, yale meno ya nyuma, inaingia na pedeli za duka lolote zinaingia, kwa hiyo msije mkaogopa kila kitu.

Sasa vikombe vya 26 utavipata wapi. Dukani hapana, dukani wanauza 24 za Wahindi na Wachina. Utavipata kwenye Raleigh zingine zilizokufa. Na hapa ndio nawapa siri ya kusini, wa Dar wasisome. Korosho zikishaanza kulipwa, wengine Novemba wengine mpaka Januari huko, watu wa Tandahimba na Newala na Nanyamba wananunua pikipiki, na ile baiskeli iliyowalisha inasukumwa nyuma ya nyumba. Huo ndio wakati wa kupita. Usipite Agosti mtu hana hela, Agosti baiskeli ni mali, atakutajia bei ya ng'ombe. Pita Januari, beba spana mfukoni, na usinunue baiskeli nzima kama unataka vikombe tu. Pia ongea na vijana wa chuma chakavu, waambie ukiona fremu yenye kichwa cha ndege mwenye shingo ndefu pale mbele kwenye beji, huyo ni korongo wa Raleigh, uniite kabla hujaipandisha kwenye mzani.

Ukikosa kabisa, fundi wa mashine ya kukereza anaweza kukuchongea ekseli au kusafisha njia ya gololi kwenye kikombe cha zamani, lakini mpelekee cha zamani mkononi, usimpelekee maneno.

*Fundi, pini ya krenki inakatika kila wiki, nimebadilisha nne. Nifanyeje, nichomelee? (Dereva wa baiskeli, Ruangwa)*

Usichomelee!! Ukichomelea siku gololi zikifa utaingia na msumeno.

Kota pini zina unene tofauti. Za Kiingereza ni milimita 9.5, na ziko za 9 na hata za 8.5 za nchi nyingine, na dukani zote ziko kwenye kopo moja la maziwa. Ya 9 kwenye tundu la 9.5 inaingia vizuri, inacheza, inakatika. Nenda na ile iliyokatika na kama unaweza azima kaliba ya kupimia unene kwa fundi gari. Halafu ule ubapa wa pini lazima ulale wote kwenye ekseli. Paka masizi, ingiza, toa, uone wapi pamegusa, piga tupa kidogo kidogo mpaka pote paguse. Pini mbili zielekee kinyume, moja nati juu nyingine nati chini, la sivyo pedeli hazitanyooka na utaendesha kama unachechemea. Kugonga, weka bomba la chuma chini ya krenki lisimame mpaka kwenye sakafu ndio ugonge, ili nyundo isiende kwenye gololi. Nati ni ya kushikilia tu, haivuti pini. Ukimaliza endesha kilomita kumi, gonga tena, kaza tena. Wengi wanaruka hapo mwisho.

*Habari fundi. Mwalimu mstaafu, Masasi. Raleigh yangu ina gia tatu ndani ya habu ya nyuma, imeandikwa Sturmey-Archer. Siku hizi nikiwa kati ya gia ya pili na ya tatu pedeli inazunguka bure, nusura nianguke. Kijana wa dukani anataka kuitoa aniwekee habu ya kawaida, ati hizo spea zake hazipo tena duniani. Naomba ushauri.*

Shikamoo mwalimu. Kijana huyo mnunulie soda lakini habu asiiguse.

Hiyo unayosimulia sio ugonjwa, ni nafasi tupu iliyopo kwenye hizo habu tangu zinatoka kiwandani, kati ya pili na tatu kuna mahali hakuna gia. Waya ukilegea kidogo tu habu inaangukia hapo. Dawa ni kurekebisha waya, dakika tano, na huhitaji hata spana kubwa. Weka kishikio cha kubadilishia gia kwenye gia ya pili. Nenda upande wa kulia wa gurudumu la nyuma, kuna nati ndefu ina kidirisha, na ndani ya kidirisha utaona kijiti kinachoshikana na kile kicheni kidogo. Pale kijiti kinapoishia na kicheni kuanza, lile bega lake, liwe sawa sawa na mwisho wa ekseli. Likiwa limezama ndani waya umelegea, likichomoza nje waya umevutwa mno. Zungusha kile kirekebishi cha waya mpaka likae, kaza kinati chake, kwisha.

Halafu mafuta. Juu ya habu kuna kitundu chenye kifuniko, tia kijiko cha chai cha oili nyepesi ya injini, tena kila mwezi ukiwa unaiendesha. Usitie grisi humo na tafadhali usitie mafuta ya kula, nimeshafungua moja iliyotiwa mafuta ya nazi, ilikuwa imeganda kama kashata na vile vijino vya ndani vya kunasia gia vimelala havinyanyuki.

Spea zipo. Sturmey-Archer yenyewe ilikuwa ya Nottingham tangu 1902, mwaka 2000 ikanunuliwa na Wataiwani na mpaka leo wanatengeneza habu za gia tatu. Yako nadhani ni ile aina inayoitwa AW, hiyo ilianza 1936 na imedumu karibu bila kubadilishwa, kwa hiyo kicheni na vitu vingi vidogo vinapatikana, hata kutoka kwenye habu mbovu ya mwingine. Na mwalimu, futa vumbi kwenye gamba la habu usome, baada ya AW kuna namba, mara nyingi ni mwaka na mwezi habu ilipotengenezwa. Ikisomeka 62 na 4 basi ni Aprili 1962. Ni njia nzuri kuliko kuuliza wazee, maana kila mzee anasema ya kwake ilikuja na meli ya kwanza.

*Mi nataka kuipiga rangi ya spray ya gari, nyekundu metaliki, halafu keria ya dhahabu. Niko Shangani karibu na bahari. Rangi gani inadumu? (Hakusaini)*

Ni baiskeli yako, mi sina polisi. Ila ulipoandika nyekundu metaliki nilisimama nikaenda kunywa maji.

Rangi nyeusi ya zamani ya hizo baiskeli ilikuwa inachomwa kwenye tanuri kiwandani, chini ya uchafu mara nyingi bado ipo. Kabla hujashika msasa, osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, futa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kausha, halafu pakaa nta ya gari. Pengine utaona mistari ya dhahabu inatokea ambayo hukujua kama ipo, na mistari hiyo hakuna spray itakayokurudishia. Sehemu yenye kutu hapo hapo tu ndio ukwangue na kupaka nyeusi. Vyuma vya kung'aa usivipige msasa, chukua karatasi ya foili, ile ya kufungia chakula, ichovye kwenye maji usugue taratibu, kutu inatoka na mng'ao unabaki. Beji ya shaba sugua kwa ukwaju na chumvi kidogo kama bibi anavyosafisha sinia, halafu suuza sana.

Sasa wewe wa Shangani adui yako sio rangi, ni upepo wa bahari, unaingia ndani ya mabomba ya fremu ambako spray haifiki. Toa siti na bomba lake, mimina oili ya injini kidogo ndani, inamisha fremu huku na huku izunguke, iache usiku kucha ichuruzike juu ya gazeti. Fanya hivyo mara moja kwa mwaka. Ukienda nayo pwani irudi uimwagie maji ya bomba siku hiyo hiyo, usiseme kesho. Na siti kama ni ile ya ngozi yenye springi, usiiloweke mafuta, ngozi italegea itakuwa machela. Nta ya nyuki, kidogo, juu na chini, basi.

Nikiwa namalizia kuandika simu imelia, ni mpwa wa Newala tena:

*Fundi nimepata!! 40-635, imeingia kwa mikono mitupu, hata bisibisi sikushika. Ila ya mbele inagusa madigadi upande mmoja nikizungusha. Niinunulie madigadi nyingine?*

Usinunue kitu. Legeza nati mbili za gurudumu la mbele, igeuze baiskeli isimame kwa miguu yake maana najua umeipindua, bonyeza usukani chini ekseli ikae mwisho kabisa wa mfereji pande zote mbili, kaza huku unabadilishana, kidogo kulia kidogo kushoto. Ikiendelea kugusa, zungusha polepole uangalie kama inagusa sehemu ile ile ya tairi kila mara, hapo ni spoku, au inagusa mzunguko mzima, hapo ni foko ya mjomba imepinda. Ya spoku utakaza mwenyewe. Ya foko usiguse, niletee.